Ukimuuliza ya shuleni, jibu ni "tulisoma" tu

SWALI: Mwanangu ana miaka 5 na nusu, yuko darasa la awali. Anahesabu hadi 50 na kuimba herufi zote, ila nikimuuliza shuleni walifanya nini, ananijibu "tulisoma", basi. Jioni bibi yake humsimulia hadithi kwa Kisukuma, lakini tumeshauriwa nyumbani tutumie Kiswahili tupu. Tufanyeje?
Mama wa Igoma, Mwanza

JIBU: Mama, tuanze na la bibi. Tafadhali aendelee! Kwake mtoto anapata mpangilio wa hadithi: alikuwepo nani, wapi, kikatokea nini, kwa nini, mwisho ikawaje. Akishaushika kwa Kisukuma, kwa Kiswahili atatafuta maneno tu. Bibi akinyamazishwa, mara nyingi kinachobaki nyumbani ni Kiswahili cha njoo, kula, oga, lala, na amri hazimfundishi mtu kusimulia.

Swali lako nalo ni pana mno kwa umri wake. Anza na jambo mliloliona pamoja. Tuseme mlikwenda mwalo wa Kirumba, mwewe akanyakua samaki kwenye beseni la mchuuzi. Jioni mkichambua mboga, muulize: "Yule mwewe alifanyaje?" Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi 5. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu: kimya kikizidi kidogo, wanajibu wenyewe. Akisema "akachukua", mrudishie sentensi iliyoshiba: "Ehe, akashuka akachukua sato wa yule mama. Mama naye akafanyaje?" Neno akilikosea, usimkatize, lipitishe likiwa sahihi katika sentensi yako. Na usimgeuzie mtihani. "Samaki walikuwa wangapi? Beseni la rangi gani?" hayo yanadai jibu la neno moja, na hadithi inakufa. Dakika 10 kwa siku zinatosha.

Mtoto wa miaka 3 au 4 huunga "halafu… halafu". Kwenye 5 na 6 ndipo ndani ya hadithi zake tatizo na utatuzi wake huanza kujitokeza, kwa hiyo usimkimbize. Ila kama hawezi kupanga hata matukio 2 kwa lugha yoyote, au wageni hawamwelewi, mpeleke kituo cha afya wamwangalie masikio kwanza, hasa kama hutokwa usaha mara kwa mara.

SWALI: Nina watoto 80 darasani. Nitamsikiliza nani?
Mwalimu wa awali, Ilemela

JIBU: Wawili kwa siku, mwalimu. Vivian Gussin Paley, aliyefundisha watoto wadogo Chicago, alikuwa akiandika hadithi anayoisema mtoto, kisha darasa linaiigiza. Hapa kwetu, wenzao wakiwa kwenye kona za kujifunzia, mwite mtoto mmoja, andika anachosema, kisichozidi ukurasa mmoja wa daftari, umsomee, naye achague atakuwa nani. Kabla ya kutoka, kaeni duara. Wewe soma, wao waigize. Watoto 10 kwa wiki, wote 80 watakuwa wamepata zamu ndani ya wiki 8.

Kinachoua zoezi hili ni kuitikia kwa pamoja. Darasa zima likisema "ndiyooo", hakuna aliyesimulia. La pili ni mwalimu kuipamba hadithi. Mtoto akisema "mamba akala mtumbwi, kwisha", andika hivyo hivyo, hata akichanganya na Kisukuma. Wenzake wakikwama kuigiza, watamuuliza wenyewe: "Aliyekuwa ndani je?" Zamu ijayo utaona ameshamweka mvuvi.