Vishikwambi Vilivyobaki Kabatini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Ameajiriwa na wakfu wa familia yenye uwezo, amekabidhiwa fungu la kugawia asasi za nchi kadhaa, na anaomba nimpe "kanuni tatu" za kuhakikisha fedha hazipotei. Nilicheka peke yangu. Mwaka nilipokabidhiwa fungu langu la kwanza nami nilizisaka kanuni tatu, nikazipata hata saba. Zote kwa pamoja hazijanifunza kama lilivyonifunza kabati moja la chuma.

Wengi mnaonisoma ni watu wa maandiko ya kuomba fedha na ripoti, na najua mnatamani siku moja kukaa upande wa wanaotoa. Kwa hiyo nitasema lililonitokea kabla sijavuka.

Nilikuwa mratibu wa asasi ndogo ya afya ya jamii. Tuliandika andiko zuri, la watu wanaoijua kazi yao: wahudumu wa kujitolea wapewe nauli, wapate dawa za msingi, na msimamizi mmoja awatembelee kila mwezi. Mfadhili alilipenda isipokuwa neno "nauli". Kwake nauli ilikuwa gharama za uendeshaji, na uendeshaji haukuruhusiwa kuvuka asilimia 10. Akapendekeza vishikwambi. Takwimu zingeingia papo hapo, na bodi yake ingeona ubunifu.

Ningeweza kukataa. Lakini mishahara ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa, na mwenye njaa hachagui tonge. Nikalifumua andiko, nikaondoa nauli, nikaweka vishikwambi.

Vilipofika, mhudumu mmoja, mama mtu mzima aliyezoea kunitania, alinirudishia chake kikiwa bado kwenye boksi. "Mwanangu," akasema, "hiki kinajua njia? Maana mimi nauli ya kufika huko kinakotaka niende sina." Sikuwa na jibu. Wengine walivitumia wiki chache, kisha navyo vikarudi ofisini kimoja kimoja, nikavifungia kabatini.

Ripoti ya robo mwaka ilisomeka hivi: "Wahudumu 120 wamepatiwa vifaa vya kidijitali na mafunzo." Kila neno lilikuwa la kweli. Nikaambatisha picha ya mama yuleyule akitabasamu siku ya mafunzo, tukapongezwa, tukapewa awamu ya pili. Barua ile ya pongezi ninayo mpaka leo, na kila nikiiona nasikia joto la uso.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule dada aliyekuwa afisa ruzuku wetu, ukumbini, wakati wa chai ya mkutano. Nikaona nitubu. Hakuniacha nimalize. "Kaka, tulijua," akasema. "Lakini na mimi nilikuwa na bodi yangu."

Tulijua! Maneno hayo yaliniuma kuliko ambavyo kukemewa kungeniuma. Mhudumu alinificha ukweli alipoweza, nami nikamficha afisa, afisa akaificha bodi, na bodi ikaipelekea familia yenye fedha kitabu chenye jalada zuri. Ngazi nzima ya watu wema, kila mmoja akipamba kidogo kwa ajili ya aliye juu yake. Anayenunua chakula kibovu harudi tena kwenye duka lile, na mwenye duka anaelewa somo. Katika ruzuku anayelipa siye anayekula. Anayekula hana pa kurudisha sahani, na anayelipa husoma tu maelezo ya mpishi. Bila njia ya ukweli kuipanda ngazi hiyo, fungu liwe kubwa kiasi gani, litanunua kabati jingine.

Na msidhani haya ni ya asasi ndogo tu. Miaka ya 1990 magharibi mwa Kenya, mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walipima kama vitabu vya kiada huinua ufaulu shuleni. Nani angelipinga wazo hilo? Lakini vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi kilikuwa lugha ya tatu, na waliofaidika ni wale tu waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Kremer alikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee, kwa kazi ya namna hii ya kujaribu kabla ya kuamini. Kuna pia ile pampu ya maji iliyoendeshwa na pembea ya kuzunguka ya watoto. Mwaka 2006 ilitangaziwa dola milioni 16.4 huko Marekani. Miaka mitatu baadaye gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu kwamba ili kufikia lengo la maji lililotajwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Ninachowapongezea wakfu wa Case, waliokuwa miongoni mwa wafadhili wake, ni kwamba mwaka 2010 walijitokeza hadharani wakakiri kwamba hawakufika walikokusudia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Evidence Action, shirika lisilo la kiserikali la Marekani. Walikuwa na mradi Bangladesh wa kuzikopesha kaya za vijijini fedha kidogo ili mtu mmoja aende kutafuta kibarua mjini wakati wa njaa kabla ya mavuno. Majaribio ya mwanzo yaliwapa moyo. Walipoupanua na kuupima tena, mwaka 2017, matokeo hayakuonekana. Mwaka 2019 wakaufunga, wakasema wazi kwa nini. Walikuwa na kila sababu ya kutafuta picha ya mama anayetabasamu.

Sasa nijisifu kidogo, maana nimelisubiri hili muda mrefu. Mwezi uliopita kiongozi wa asasi tunayoifadhili alinipigia simu. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kusema. Mafunzo tuliyoyalipia, akaniambia, watu wanahudhuria lakini hakuna kinachobadilika, na nusu ya fedha bado ipo. Angependa kuitumia kwa jambo ambalo wanakijiji wenyewe walikuwa wakiliomba tangu mwanzo. Nikamwambia alete ukurasa mmoja.

Kamati yetu ilinibana. Mjumbe mmoja aliuliza, tukiruhusu hili, si kila mmoja atabadilisha mradi njiani? Nikawasimulia habari ya kabati. Sikuwa nimewahi kuisimulia kazini, na sauti ilinitetemeka. Ombi likapita siku ileile. Tangu hapo kiongozi huyo amenipigia mara mbili zaidi, zote na habari mbaya, na mimi nahesabu simu hizo mbili kuwa mafanikio makubwa kuliko ripoti zote nilizowahi kuzipokea.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia, sikiliza. Anza kwa kusema wewe kwanza: mwambie unayemfadhili lipi lilikushinda. Ukiogopwa utadanganywa, na utadanganywa kwa adabu, kwa jedwali na viashiria. Lipa gharama halisi za kuendesha ofisi. Hata serikali ya Marekani, Oktoba 2024, ilipandisha kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja kutoka asilimia 10 hadi 15 kwa asasi zisizo na makubaliano maalumu na serikali hiyo kuhusu kiwango hicho, na hiyo nayo kwa wengi haitoshi. Toa kwa miaka kadhaa, bila kamba nyingi. Tajiri wa Marekani MacKenzie Scott anagawa mabilioni ya dola bila kamba tangu 2020, na waliotabiri fujo bado wanaisubiri. Na useme wewe kwanza. Nimeshalisema? Nalirudia, kwa sababu ndilo ninyi wafadhili mnaloliruka. Mnapenda fomu. Mnamtaka mtu mwenye wafanyakazi wanne awajazie kurasa 40 za nadharia ya mabadiliko, yaani maelezo ya jinsi kazi yake itakavyoleta mabadiliko, kisha mnashangaa kwa nini hana muda wa kubadilisha chochote.

Tena sasa hivi si wakati wa mapambo. USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilikoma kuendesha misaada Julai 1, 2025, na asasi nyingi zimebaki zikigombania mafungu ya wakfu binafsi. Mwenye hofu ya kufunga ofisi hakwambii ukweli usipomfungulia mlango wewe. Nilikuwa yeye, najua.

Haya niliyaandika kwa kirefu, nikamtumia yule msomaji. Jana usiku alijibu kwa shukrani nyingi, akauliza kama ninayo fomu ya ripoti ya kumwazima. Ninayo, ina maswali mawili tu: nini hakijafanya kazi, na fedha iliyobaki ungependa tuifanyie nini? Nimemtumia, nikamwomba aijaze yeye kwanza kuhusu wakfu wake, aipeleke kwenye bodi yake, kisha anieleze walivyompokea.