Kisite: Uliza Maji Kabla ya Bei

Mara ya kwanza kwenda Kisite, hifadhi ya bahari kusini mwa pwani ya Kenya, nilimpigia simu nahodha mmoja wa Shimoni, nikamuuliza mambo mawili tu: mashua ni bei gani, na tunaondoka saa ngapi. Tulifika maji yameanza kutoka, yamejaa mchanga, na chini ya miwani nikawa kama nimetumbukia kwenye uji. Ndege walikuwa wamesheheni pale kwenye jabali wakati mimi nahangaika majini. Nilipotoka na kuchukua darubini, miamba ilikuwa imeanza kuanikwa na wengi wameshatawanyika kutafuta chakula. Yule nahodha mzee alicheka. "Bei uliuliza, mwanangu. Maji hukuuliza."

Siku hizi naanza na mwezi. Nakwenda mwezi wa angani ukiwa na siku kumi na mbili au kumi na tatu, siku moja mbili kabla ya bamvua lenyewe, yaani maji yanapopanda na kushuka kupita kawaida. Siku hizo maji hutoka mpaka kama saa mbili unusu au saa tatu asubuhi, halafu hujaa mpaka alasiri. Unaingia kuogelea maji safi ya bahari kuu yanapanda juu ya matumbawe, na kadiri fungu linavyofunikwa, ndege wanakosa pa kulia na kurudi wenyewe kupumzika kisiwani. Mkondo una nguvu, hilo nakiri. Mwachie nahodha achague pa kukushusha, na boya livae hata kama unajiita samaki. Kuhusu msimu, kaskazi (kama Desemba hadi Machi) ndiyo tulivu. Katikati ya kusi, upepo wa katikati ya mwaka, wengi hutapika kabla hata ya kukipita kisiwa cha Wasini.

Miwani jaribu ukiwa bado nchi kavu: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, uachie mikono. Ikidondoka, usiichukue. Mimi ilinichukua safari mbili kugundua kwamba tatizo ni masharubu yangu. Na vaa shati la mikono mirefu. Ukielea kifudifudi saa nzima mgongo unaungua bila wewe kujua, mpaka usiku shuka linapokugusa.

Watu wengi huenda kwa ajili ya pomboo, nao kweli hupatikana, ila nahodha anayewakimbiza kwa injini mimi simrudii. Kinachonirudisha ni chelea. Hilo ndilo jina ninalomwita mimi, maana sijamsikia akiitwa kwa jina moja: ndege mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama koleo, wa kuvunjia kaa. Huzaa mbali, kwenye visiwa na fukwe za kuanzia Somalia na Bahari ya Shamu hadi Oman na Ghuba, tena hutaga ndani ya shimo alilochimba mchangani. Kwetu anakuja kula tu. Niliwahi kumtazama mmoja akimkung'uta kaa, gando likaruka huku, mguu kule, kisha akameza kilichobaki na kusimama kama hajafanya kitu.

Buabua, ndege wengine wa bahari, ndio huzaa hapa Kisite. Wakiwa na mayai, baki chomboni. Ukikanyaga kisiwa wote wanaruka, na yai lililoachwa wazi juu ya jabali, kwenye jua la saa sita, halichukui muda kuharibika. Darubini ya kawaida kutoka mashuani inatosha kabisa.

Mengine ni madogo. Kutoka Mombasa ni karibu kilomita 80, na kivuko cha Likoni hakina ahadi, kwa hiyo mimi hulala Shimoni. Kiingilio cha hifadhi lipa kwa simu usiku huohuo, kabla mtandao haujakusumbua gatini. Chakula cha Wasini kiagize asubuhi mkipita: samaki, wali wa nazi, na mwani wa kukaanga, ambao nilidhani ni mapambo ya sahani mpaka jirani yangu alipomaliza wake na kuanza kuuangalia wangu.