Jibu: Wanafunzi wanaoganda kwenye wodi ya mazoezi

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa shahada ya uuguzi wanaganda wakiingia wodi ya mazoezi, ilhali darasani wanajibu vizuri. Mara nyingi tatizo huanza kabla ya zoezi. Wape dakika 10 hadi 15 washike manikini (mwanasesere wa ukubwa wa mtu anayechukua nafasi ya mgonjwa), wajue mapigo ya moyo yanasikika wapi, oksijeni inafunguliwaje, dawa ziko droo ipi na daktari anaitwaje kwa simu. Waambie wazi kama zoezi lina alama. Asiyejua hilo atakuwa anasoma uso wako badala ya kumtazama mgonjwa.

Zoezi liwe fupi, dakika 15 hivi, malengo yasizidi matatu. Ukirundika ndugu mkali wa mgonjwa, mashine inayolia na hesabu ngumu ya dozi kwa pamoja, unapima uvumilivu tu. Watatu waingie, wengine watazame, kila mmoja na jambo moja la kuandika, kwa mfano nani alirudia agizo la dawa kwa sauti kabla ya kuitoa.

Mazungumzo ya kutathmini baada ya zoezi, tafadhali usiyakate. Yawe marefu kuliko zoezi, hata mara mbili. Anza na hisia, kisha kilichotokea, ndipo sababu. Badala ya "Mbona hukupima presha?", sema: "Niliona umetoa dawa kabla ya kupima presha. Hebu nieleze ulivyoiona hali wakati ule." Hapo utajua kama hakujua au alisahau, na tiba ya hayo mawili si moja. Halafu warudie zoezi lilelile wiki hiyohiyo.