Maswali ya Wasomaji: Kwa nini sura ya wastani inatoka na ukungu?

SWALI: Wahariri, salamu. Tuko wahitimu 24 na tumekubaliana picha zetu ziunganishwe zitoe sura moja ya wastani, tuiweke kwenye jalada la kitabu cha kumbukumbu. Nilizipanga moja juu ya nyingine katika programu ya picha, kila tabaka nikalipa ukolezo (opacity) wa asilimia 50. Nimeambulia ukungu, na aliye juu kabisa ndiye anayeonekana. Nimekosea wapi? Msomaji, Morogoro

JIBU: Makosa ni mawili. La kwanza ni hesabu. Yote yakiwa asilimia 50, tabaka la juu linachukua nusu ya picha peke yake, linalofuata robo, na ya chini yanagawana makombo. Tabaka la chini lipe 100, la pili 50, la tatu 33, la nne 25: gawanya 100 kwa namba ya tabaka. La 24 litapata 4 tu, na hapo wote mtakuwa sawa.

Ukungu utabaki, maana pua yako haijakaa ilipo pua ya mwenzako. Hili ndilo kosa zito. Mwingereza Francis Galton, aliyechapisha nyuso zilizounganishwa kwa kamera mwaka 1878, alipata shida hiyohiyo: macho yalikaa vizuri, kingo za uso zikayeyuka. Sura ya wastani inahitaji wastani mara mbili, kwanza wa mahali, kisha wa rangi.

Tumia lugha ya programu ya Python pamoja na maktaba zake mbili: OpenCV ya kushughulikia picha, na dlib ya kutambua nyuso. Dlib huweka alama 68 kwenye kila uso: taya 17, nyusi 10, pua 9, macho 12, mdomo 20. Ukihesabu kuanzia 0, kona za nje za macho ni alama ya 36 na ya 45. Zungusha, kuza au punguza kila picha hadi kona hizo zikae kwenye (180, 200) na (420, 200) katika turubai la pikseli 600 kwa 600, na alama zote zihame pamoja na picha. Tafuta wastani wa kila alama kwa watu wote 24, kisha ongeza alama 8 pembezoni mwa turubai: pembe nne na katikati ya kila upande.

Sasa ugawe uso wa wastani katika pembetatu kwa njia ya Delaunay, inayounganisha alama ziwe pembetatu zisizopandana. Fanya hivyo mara moja tu, kwenye alama za wastani, na uhifadhi namba za alama zinazounda kila pembetatu. Ukiigawa kila picha peke yake, pembetatu hazitalingana na shavu la mmoja litaangukia puani pa mwingine. Kila pembetatu ya kila picha ivutwe hadi ikae sawa na ile ya wastani, ndipo ujumlishe rangi na kugawa kwa 24.

Jumlisha kwa namba za desimali (float32). Ukibaki na namba nzima za biti 8, 200 ukijumlisha 100 unapata 44, maana hesabu ikipita 255 huanza upya kutoka 0, na mashavu yanatoka na madoa ya ajabu.

Nywele na masikio bado vitafifia kidogo, kwani alama 68 hazipandi juu ya nyusi wala hazigusi masikio. Weka nyingine kwa mkono kwenye paji na masikio, kwa mpangilio uleule kila picha. Na wote wafumbe midomo. Meno yakichanganyika na midomo iliyofumbwa, hakuna programu itakayoyanusuru.

SWALI: Nataka video fupi ya uso mmoja ukigeuka kuwa mwingine. Nikififisha wa kwanza huku wa pili ukijitokeza, katikati naona macho manne. Msomaji, Mombasa

JIBU: Umechanganya rangi bila kusogeza maumbo. Tumia alama na pembetatu za jibu lililotangulia. Kwa sekunde 3, kila sekunde fremu 25, unahitaji fremu 75. Kila fremu ina kiwango chake, kuanzia 0 hadi 1. Kikiwa 0.4, alama zikae asilimia 40 ya njia kuelekea uso wa pili, picha zote mbili zivutwe hadi hapo, kisha rangi zichanganywe 60 kwa 40. Pembetatu zitokane na alama za wastani wa nyuso hizo mbili, zilezile kwa fremu zote. Zikibadilika njiani, uso utaruka.