Usimwache Mwanafunzi wa Mbali Akisubiri

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka Ukerewe: "Shikamoo mwalimu. Nimefaulu kozi zote, nasubiri mahafali." Nimeusoma mara tatu. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na sura yake siijui hadi leo. Furaha yake imenikumbusha mwenzake niliyempoteza, ndiyo maana nawaandikia ninyi wahadhiri mnaoanza kufundisha kwa masafa, yaani wanafunzi wanaosoma wakiwa kwao, mbali na chuo.

Mwaka wangu wa kwanza nilidhani kazi ni vitini. Likizo nzima niliandika vya kozi ya mofolojia, somo la jinsi maneno yanavyoundwa, nikavipakia kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni, nikaona nimemaliza. Mazoezi yalipoingia niliyaacha yarundikane. Nilikuwa na madarasa ya ana kwa ana, na hao ndio niliowaona kila siku. Kijana mmoja wa Tunduru aliniandikia mara nne akiulizia zoezi lake. Nikamjibu kwamba Mandela alipata shahada ya sheria mwaka 1989 akiwa mfungwa, kwa masomo ya masafa ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, sembuse yeye aliye huru. Nilijiona nimemtia moyo. Hakuandika tena.

Wiki ya 15 ya muhula ndipo nilipolifungua zoezi lake: kurasa sita za mwandiko wa mkono, zimepigwa picha kwa simu, kivuli cha mkono wake kimelala juu ya kila ukurasa. Kazi nzuri. Kosa moja tu, alichanganya silabi na mofimu, yaani sehemu ndogo kabisa ya neno yenye maana: "anacheza" aliigawa a-na-che-za badala ya a-na-chez-a. Dakika tano zingetosha kumwelekeza. Alikwisha kuacha chuo. Hadi leo linaniuma.

Tangu hapo nasahihisha ndani ya siku 10, na zoezi la kwanza nalirudisha mapema zaidi, maana hapo ndipo anapojua kama upande wa pili kuna mtu. Usiandike "jitahidi" ukaishia hapo. Mwite kwa jina, onyesha kosa, mtajie ukurasa wa kitini. Huyu wa Ukerewe nilikuwa namrekodia sauti ya dakika mbili kwenye WhatsApp, kwa kuwa video zilimmalizia bando. Rudisha kazi mapema, narudia, rudisha mapema!

Na tuache kusema wanafunzi wa masafa ni wavivu. Mtu ameshinda darasani na watoto 70, amepika, amelaza wanawe, saa nne usiku ndiyo anafungua kitini. Tumwogope Mungu, ndugu zangu.

Muhula huu nina mazoezi 43. Hadi jana jioni nimesharudisha 31.