Jibu: S36.13A inakataliwa na mfumo

Mkuu, mfumo wa kuingizia misimbo ya magonjwa hauna kosa kuikataa S36.13A. Msimbo wa jeraha la mrija wa nyongo una vibambo vitano tu, na ICD-10-CM, orodha ya Marekani ya misimbo ya magonjwa na majeraha, inataka ile A ikae nafasi ya saba. Jaza pengo kwa X: S36.13XA. Na A si hudhurio la kwanza kama wengi wanavyodhani. Hutumika muda wote tiba yenyewe ikiendelea.

Kuhusu ini la mgonjwa wako wa ajali ya pikipiki, mpasuko wa urefu wa sm 6 na kina cha sm 2 ni wa wastani, S36.115A. Kama kuna kidonda cha wazi tumboni, ongeza S31. Ila mrija ukikatwa kwa bahati mbaya wakati wa kutoa kifuko cha nyongo, achana na S36 (kundi la majeraha ya viungo vya ndani ya tumbo), nenda K91.71.