Kabla ya kumwaga mawe kwenye tope

Nikiitwa kwenye eneo la tope, swali la kwanza la mwenye mradi huwa ni kina: "Nguzo za mawe ziende mita ngapi?" Mimi huuliza kwanza udongo wa juu ukoje. Nguzo hizi ni mashimo yaliyojazwa mawe ili ardhi laini ibebe mzigo; hazina saruji. Zinasimama kwa kuwa udongo wa pembeni umezibana. Ukiitwika mzigo, nguzo hutuna, na mara nyingi hutunia juu, ndani ya kina cha takriban mara nne ya kipenyo chake. Huko chini udongo unabanwa na uzito wa ulio juu yake. Kwa hiyo kuongeza urefu hakuzuii kutuna.

Anza na ripoti ya maabara. Uimara wa udongo, yaani nguvu yake ya kustahimili kabla haujakatika, ukiwa chini ya kilopaskali 15 hivi, mimi mawe matupu siyaamini. Yavikwe mfuko wa jiotekstaili, yaani kitambaa imara cha plastiki cha kazi za udongo. Bomba la chuma lililofungwa chini huteremshwa kwa mtetemo, mfuko unaingizwa ndani na kujazwa, kisha bomba linang'olewa. Hamburg, Ujerumani, eneo la kiwanda cha ndege cha Airbus lilipanuliwa juu ya tope la mto Elbe kwa nguzo za aina hii zipatazo 60,000, zenye kipenyo cha sentimita 80. Tena zilijazwa mchanga, si mawe.

Kwenye mfuko ndiko watu wanakopigwa. Usiuchague kwa unene. Kitambaa kisichofumwa, kinene kama blanketi, hunyumbuka sana, na nguzo itakuwa imeshatuna kabla hakijakaza. Tafuta kilichofumwa, uulize kinarefuka kiasi gani kikivutwa. Na kokoto zenye ncha kali hukichana.

Hata pasipo mfuko, hesabu mawe, nguzo kwa nguzo. Ya sentimita 80 na kina cha mita 8 inahitaji takriban mita 4 za ujazo. Ikimeza 6, mawe yanasukuma tope pembeni. Simamisha mtambo, uliza.

Jambo la mwisho ni subira, na hapa hugombana na wakandarasi. Nguzo hupitisha maji, hivyo tope hukauka na kutitia haraka zaidi, ila si kwa siku moja. Weka tuta la udongo juu ya nguzo, pima kutitia kila wiki, na lami isubiri hadi namba zitulie. Mkandarasi atalalamika kwamba mitambo yake imekaa bure. Mwache alalamike.